Kwa Yaya Asukulu, kaka yangu mkubwa, juu ya mafuta meusi ya ufuo wetu

Yaya Asukulu,

Majibu yametoka. Nilitaka uwe wa kwanza kuyasikia, na sasa umekuwa wa mwisho. Yale mafuta yaliyoharibu nyavu za watu, waliyosema umeyamwaga wewe, yametoka chini ya ziwa. Nimeyapima kwa mikono yangu mara tatu, nikayapima na mara ya nne kwa sababu niliogopa kwamba nakupendelea.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha vitabu, kile ulichokuwa unanicheka nacho ukisema dada yako anaongea kama katekista. Cha kwetu kinanikwama leo. Nikikianza tu, nalia.

Mwanzo wa mambo haya unaujua kuliko mimi. Lakini niache niuseme, maana kila mtu hapa anausimulia kwa namna yake, na nataka pawepo karatasi moja yenye namna yetu.

Ilikuwa baada ya ile mvua kubwa. Wavuvi walivuta nyavu zikaja na utelezi mweusi kwenye nyuzi, na asubuhi akina mama walipokwenda kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakakuta mabonge mchangani, laini kama ugali uliolala. Mabonge ya kwanza yalionekana chini kidogo ya garaji yako. Hilo ndilo lililokuponza. Ungekuwa seremala, wangetafuta jibu kwingine. Lakini ulikuwa fundi wa injini za mitumbwi, na nyuma ya garaji palikuwa na mabidoni ya vidanje, yale mafuta machafu unayoyatoa kwenye injini. Kila mtu aliyajua. Nusu ya nyumba za ufuo huu zimepakwa mbao zake kwa vidanje yako ili mchwa wasile.

Papa Ebondo, mkubwa wa wavuvi, ndiye aliyeita mkutano. Yule yule aliyekufundisha kuogelea ulipokuwa mdogo. Mama aliniambia hakukuuliza kwa ukali. Alikuuliza mbele ya watu kama vidanje yako imewahi hata siku moja kuingia ziwani. Nawe ukasimama ukasema ndiyo, mara moja, miaka miwili nyuma, bidoni ilipinduka, na wewe na Mariamu mke wako mkachota mchanga kwa koleo siku nzima mkaufukia mbali. Hakuna aliyekuwa anajua habari hiyo. Hakuna aliyeona. Ungeweza kusema hapana na ingekuwa hapana.

Kuanzia hapo kwao habari ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyekuletea injini tena. Mariamu alinyimwa mahali pa kuanika ndagala. Watoto wako wakaitwa shuleni batoto ya vidanje.

Mimi nilikuta mambo yako hivyo nilipokuja likizo. Miaka yote ile huko Ulaya hakuna aliyejua vizuri ninasomea nini. Mama alikuwa akiwaambia watu mimi ni daktari wa mafuta, wengine wakadhani ya kupikia. Ni wewe peke yako uliyewahi kuniuliza ukangoja jibu. Nilikuambia nachunguza mafuta mazito, yale meusi ya ardhini yaliyo kama gundi, na kwamba ndani ya tone moja mna vitu maelfu kwa maelfu, kila kimoja na uzito wake, na tunayo mashine inayovirusha kimoja kimoja na kuvipima. Inaitwa spektrometa ya masi. Ulifikiri sana, kitambaa mkononi. Ukasema: "Mizani ya kitu isiyoonekana. Basi ile inaweza kupima hata uwongo."

Siku niliyofika ulikuwa umekonda, lakini ulicheka. Ulisema Mungu iko na akili, maana dada yako anasomea kitu ile ile wanakushitakia. Ukaniambia nichukue mafuta ya mchangani, niende nayo, nilete ukweli. Nikachukua mchanga mweusi wa chini ya garaji nikautia kwenye chupa ndogo ya kioo. Ulinishikia mfuniko.

Halafu kesho yake nikafanya lile ninalotaka kulisema leo.

Ulikuwa umeingia ndani kula. Nikazunguka nyuma ya garaji na chupa ya pili mfukoni, nikachuchumaa kwenye bidoni yako ya vidanje. Nilitaka kuchukua kidogo bila wewe kujua. Nikasikia hatua zako. Hukushtuka. Uliniangalia tu, mkono bado una unga wa fufu, ukasema polepole: "Si ungeniambia tu, Sifa. Leta chupa, mi nitakujazia."

Ukanijazia. Ukapangusa shingo ya chupa kwa kitambaa, ukakaza mfuniko, ukaandika kwenye karatasi kwa ile kalamu yako ya kuandikia mabati: Vidanje ya Asukulu. Ukanipa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni.

Hukuniuliza kama nina mashaka nawe. Mimi nikaanza kusema maneno mengi, kwamba ndivyo kazi yetu ilivyo, kwamba lazima tulinganishe, kwamba bila ya kulinganisha hakuna jibu. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini kama ilikuwa hilo tu, kwa nini nilingoja uingie kula?

Nikarudi Ulaya na chupa mbili.

Nikueleze kazi yenyewe, maana ulipenda kujua kitu kinafunguliwaje. Mafuta unayayeyusha kwanza kwa dawa mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi. Kisha yanapitishwa kwenye sindano nyembamba kuliko unywele, yenye umeme, yanatoka kama ukungu, na kila chembe inabeba chaji yake. Ndani ya mashine chembe hizo zinazungushwa, na kwa namna zinavyozunguka tunajua uzito wake, kwa usahihi ambao ukiuona hutaamini. Mwisho kwenye skrini unapata kama msitu: miti mirefu, mifupi, imebanana. Kila mti ni kitu kimoja kilichokuwa ndani ya tone.

Msitu wa vidanje yako ulikuwa rahisi kuusoma. Mafuta ya injini yamesafishwa kiwandani, vile vitu vizito vyenye nitrojeni vimeondolewa, na badala yake wametia dawa zao, zenye zinki na fosforasi, ili vyuma visilane. Zote nilizikuta.

Kisha nikaupima mchanga. Ndani yake mlikuwa na vitu vizito maelfu visivyokuwamo kabisa kwenye bidoni yako. Moyo ukaruka. Lakini chini yake, kidogo sana, kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili, zilikuwamo zile dawa za kiwandani. Alama ya vidanje. Nilikaa mbele ya skrini, nikawaza: basi kumbe.

Nilikaa na hilo "basi kumbe" siku mbili nzima, Yaya. Ilinichukua siku mbili kukumbuka bidoni iliyopinduka, ile uliyoisema mwenyewe mbele ya watu wote.

Profesa wangu aliangalia akasema mchanga huo hautatoa jibu safi, umechanganyika. Akasema yanahitajika mafuta yaliyo majini, mbali na garaji yoyote. Nikakumbuka maneno ya wavuvi, kwamba kule upande wa Ubwari pana mahali maji ya moto yanabubujika kutoka chini na yananuka. Nikakupigia. Nikasema nataka mafuta ya majini, mbali na kwako, kwenye chupa safi ya kioo.

Sikukuambia uharakishe. Wala sikukuambia ungoje. Nimetafuta kichwani sentensi moja ya kukuambia ungoje upate mtumbwi wenye injini, nimeitafuta sana, na haimo.

Mama amenieleza mengine. Uliomba mtumbwi wa injini kwa watu watatu, na injini zote tatu zilikuwa zimewahi kupona mikononi mwako. Wote wakakataa. Ukachukua ule mtumbwi wa kasia wa marehemu baba. Adhuhuri nikapata ujumbe wako wa sauti. Upepo unasikika, lakini sauti yako ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mvua ile: "Sifa, nimeiona. Iko inaelea kama mikate. Inanukia kama lami ya Uvira. Chupa imejaa, narudi."

Upepo wa kusini ulipanda mchana huo huo. Mtumbwi ulikutwa umekwama kwenye matete, umejaa maji. Wewe ulipatikana siku ya pili, upande wa Lweba. Chupa ilikuwa ndani ya mtumbwi, umeifunga kwa waya chini ya kikalio, imeviringishwa ndani ya shati lako la kazi, na halikuingia hata tone la maji. Ulifunga kama unavyofunga vitu vyako vyote. Laiti nawe ungejifunga hivyo.

Nilifika umeshazikwa. Watu wa kanisa walikuja wachache, Mama anasema, na Papa Ebondo alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, akaondoka kabla ya udongo kwisha. Mama alinipa chupa ikiwa bado ndani ya shati. Hakuwa amelifua. Sikumwambia kwamba ni mimi niliyeitaka chupa hiyo. Nikarudi nayo Ulaya.

Mafuta yako ya Ubwari, Yaya, yalikuwa mazuri. Nasema mazuri kwa namna ya kazi yetu. Hayakuwa na alama hata moja ya kiwanda. Yalikuwa yameliwa na bakteria, vyepesi vimekwisha, vimebaki vile vizito, vya zamani mno, vimepikwa chini ya ziwa kabla hajakuwapo mtu wa kuliita ziwa. Nilipouweka msitu wake juu ya msitu wa mchanga wa garaji yako, miti iliangukiana. Ni mafuta yale yale. Yanapanda kutoka chini, yanatembezwa na maji, yanatupwa ufuoni kwetu. Kama garaji yako ingekuwa Bukavu, yangekuja vile vile.

Niliandika ripoti kwa Kifaransa, kisha nikaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kuwasomea watu. Hapo nikafika kwenye ile sentensi. Kwamba kwenye mchanga wa chini ya garaji zimeonekana pia dalili kidogo sana za mafuta ya injini, zisizobadilisha jibu. Profesa alisema kwa watu wasio wa fani naweza kuiacha. Haingekuwa uongo, alisema, ni kufupisha tu. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Nikakuona umesimama katika ule mkutano, unasema ndiyo, mara moja, bidoni ilipinduka. Nikaiacha sentensi mahali pake.

Sijui kama nilifanya vizuri. Nilikuja nayo nyumbani, Papa Ebondo akawakusanya watu bila kubisha, nikasoma ukurasa wote, na walinisikiliza kwa utulivu mpaka mwisho. Kisha yeye akasema: "Soma tena pale pa vidanje." Nikasoma. Akatikisa kichwa polepole, wala si kwa ushindi, kwa uchovu tu, akasema: "Basi ilikuwamo."

Ikaishia hapo. Nilieleza kwa muda mrefu. Nilisema ni kama tone la chai ndani ya beseni la maji. Nilisema mwaka ule bidoni ilipopinduka hakuna wavu uliochafuka, wanajua wenyewe. Mama mmoja anayeanika ndagala akaniuliza, kama mafuta yanatoka chini, yatakwisha lini? Nikamwambia ukweli, kwamba hayatakwisha, yamekuwa yakitoka tangu zamani, mara kidogo, mara mengi, na hakuna mtu wa kuyaziba. Hapo ndipo nilipoona nyuso zinajifunga. Nilikuwa nimewaletea kitu kibaya kuliko wewe. Wewe uliweza kufukuzwa.

Baadaye Papa Ebondo alinisindikiza njiani hadi karibu na nyumba. Alisema kwa sauti ya chini: "Muntu alishakufa, mwanangu. Ukiondoa kosa kwake, utaiweka kwa nani? Kwa sisi tuliomunyima moteri?" Nadhani hilo ndilo neno la kweli pekee lililosemwa siku ile, na lilisemwa mahali asipokuwapo mwingine wa kulisikia.

Nikapanda hadi Fizi, penye ofisi ya serikali. Nilitaka barua yenye muhuri, ya kusema wewe huna hatia, nimpe Mama aitie kwenye Biblia. Nilikaa kwenye benchi asubuhi yote. Kiongozi aliyenipokea aliisoma ripoti, na alipofika kwenye mafuta ya Ubwari macho yakamwaka. Akaniuliza yapo mengi? Yanatokea wapi hasa? Wazungu wameshayaona? Akatoa kopi. Nilipomkumbusha kuhusu barua yako alikuwa mpole kabisa, akaniambia: "Madamu, huyu ndugu yako haana dosie kwetu, hata faili moja. Hatuwezi kufunga dosie isiyofunguliwa."

Nilishuka kurudi Baraka nimebanwa nyuma ya pikipiki, vumbi usoni, nikicheka peke yangu. Dereva aliuliza kama niko mgonjwa.

Mariamu aliondoka, Yaya. Alivuka ziwa na watoto kwenda kwa kaka yake upande wa Kigoma. Nilimpigia simu nikamsomea ukurasa wote, na ile sentensi nayo. Kisha akasema, "Asante, wifi. Mimi nilijua bila mashine." Hakusema kwa kunichoma. Alisema kama mtu anayetaja jina lake. Watoto hawataki tena kuitwa kwa jina la ukoo wetu, ameanza kuwaandikisha kwa la kaka yake.

Garaji haipo. Mabati yalichukuliwa moja moja, sijui na nani, na mahali ulipokuwa ukiketi pameota majani. Mama bado anafagia mbele yake kila asubuhi, anafika mpaka pale mlango ulipokuwa, anageuka.

Na mwezi uliopita, baada ya mvua, mafuta yalirudi. Mengi kuliko mara ya kwanza. Unisamehe, nilifurahi. Nilikimbia ufuoni miguu mitupu, nikawaza sasa wataona wenyewe, fundi hayupo, mabidoni hayapo, basi nani anamwaga? Nikawakuta wamesimama wanayatazama. Jioni Mama alinieleza wanavyosema. Wanasema ni hasira yako. Wanasema Asukulu bado anamwaga.

Sina mashine ya kupima hilo.

Nilikuwa na matumaini kwamba nikiandika barua hii nitafika mahali fulani mwishoni. Sijafika. Nitarudi Ulaya, nitamaliza masomo, na katika kitabu changu kutakuwa na jedwali lenye mafuta kutoka ufuo wa Ubwari, na watu wa mbali watayasoma na kusema haya ni sampuli safi sana, aliyeichukua alijua kazi yake. Watauliza aliichukua nani. Nitaandika jina lako, na hawatajua ni nani.

Lala, Yaya. Ardhi ya kwetu iwe nyepesi kwako. Mama nitamtunza, hilo hata si ahadi, ni wajibu wangu. Ahadi ninayo moja tu. Popote nitakapokuwa, hapa au kwa wageni, watu wakisikia habari yako wataniuliza kama mimi dada yako nilikuamini tangu mwanzo, na itakuwa rahisi sana kusema ndiyo, maana wewe hupo na hakuna atakayenipinga. Sitasema ndiyo.

Mdogo wako,
Sifa